Mama Hortense, Mpitaji wa Miaka Kumi na Minane

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni Anaclet, sauti ile ile mnayoijua, ila leo imekasirika. Nimekunywa maji mara mbili na bado. Mkubwa wa studio amenisihi niseme polepole na nisitaje jina la biro yoyote, yaani ofisi yoyote. Sawa. Nitasema "biro" tu. Wanaoijua wanaijua.

Tunamkumbuka Mama Hortense Mwape. Alifariki majuma mawili yaliyopita hapa Élisabethville, katika kartie, yaani mtaa, wa Kenya. Alikuwa mlinzi wa nyumba ya wapitaji. Kwa wale ambao hawajawahi kukosa pa kulala, nieleze. Ni nyumba ndefu ya matofali, vitanda ishirini na vinne, bomba moja la maji uani. Mtu aliyetolewa kwenye nyumba ya kampuni, au aliyeshuka kwenye treni bila ndugu wa kumpokea, anaandikwa kitabuni na analala. Siku tatu. Narudia: siku tatu tu. Asubuhi ya nne anaandikwa "ametoka", na kweli anatoka.

Mama Hortense aliwapokea watu pale miaka kumi na minane. Na kwa miaka hiyo yote kumi na minane, yeye mwenyewe hakuwa na nyumba. Aliitaka. Aliiomba. Hakuipata.

Alizaliwa upande wa Mitwaba. Mwaka 1931 alikuja mjini na bwana wake, fundi wa reli. Walipewa vyumba viwili kambini, na Mama akapanda mboga ya lengalenga mbele ya mlango. Mwaka 1938 bwana akafa. Siku tano baada ya maziko akaja mtu na karatasi: nyumba ni ya mfanyakazi, mfanyakazi hayuko tena, basi. Mdogo wake Mama, Baba Pierre, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, anakumbuka:

"Yaya alichuma ile lengalenga yote asubui, akafunga mu kitambaa. Akasema: nyumba batwae, iko yabo. Mboga yangu, hapana."

Akafika nyumba ya wapitaji na furushi la mboga kichwani. Mlinzi wa zamani alikuwa mgonjwa, basi Mama akaanza kufagia. Baadaye akaachiwa ufunguo na kitabu. Lakini nyumba ya kuishi hakupewa. Katika karatasi za biro, mlinzi alihesabiwa kuwa mwanaume mwenye kwake. Mjane hakuwa na mstari. Afanye nini? Alilala stoo, kati ya mablanketi na ndoo, na kila asubuhi ya nne alijitoa kitabuni na kujiandika upya: Hortense Mwape, ametoka Mitwaba, anapita. Zaidi ya mara elfu mbili, wasikilizaji. Elfu mbili! Mpitaji gani huyo?

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninaposhindwa. Mtu asiye na kazi ya kampuni akitaka nyumba ya biro, lazima kitabu cha wapitaji kionyeshe kwamba amekosa nyumba usiku thelathini mfululizo. Thelathini. Na nyumba ya wapitaji inampa tatu. Nani alikaa kwenye kiti, akaandika hayo mawili kwa kalamu moja, akaenda kula chakula chake cha mchana?

Mama Hortense alisoma kanuni zile vizuri kuliko waliozitunga. Akaona hakuna mahali palipoandikwa mlinzi atafanywa nini akisahau kuandika "ametoka". Basi akaanza kusahau. Wa kwanza kusahauliwa alikuwa Mama Simone, mjane mwenye watoto wanne. Anasimulia mwenyewe:

"Kila asubui ananiambia: Mama Simone, kichwa yangu haiko muzuri, sijui kama ulitoka ao ungali. Busiku makumi tatu kichwa yake haiko muzuri! Kiisha akanituma biro na kile kitabu. Leo niko na nyumba, na mulango ya rangi ya bluu."

Jamaa arobaini na moja wamepata nyumba kwa kusahauliwa hivyo. Na mimi ninayesema nanyi nilisahauliwa siku kumi na moja, mwaka 1947, nikitafuta kazi. Sikurudi hata kumwamkia.

Mwaka 1949 akaomba nyumba yake mwenyewe. Karani wa biro, Bwana Adalbert, akafungua kitabu, akafuata jina lake kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, weye haujapitisha busiku tatu bila nyumba. Kila mara unatoka. Ni weye mwenyewe uliandika."

Ni kweli. Aliandika yeye, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mtoto wa dada yake, Germaine, alimuuliza kwa nini hakujisahau.

"Bengine naweza kubasahau," alijibu. "Lakini kalamu iko mu mukono yangu. Nikijisahau miye, ile ni bwizi."

Alikataliwa mwaka ule. Alikataliwa 1952. Alikataliwa mwaka jana. Naikasirikia biro, ndiyo. Lakini nakukasirikia na wewe, Mama. Mara moja tu ungejisahau! Nani angekudai?

Kifua kilimwondoa, mle stoo. Na hapo shida mpya: matanga tukae wapi? Matanga yanataka uwanja, moto, watu wakae siku tatu. Uwanja hakuwa nao. Biro ikajibu kwamba nyumba ya wapitaji si mahali pa mkutano.

Asubuhi hiyo Mama Simone aliingia na mkeka wake, akasimama mbele ya meza ya Germaine, aliyekuwa ameshika kitabu mahali pa mama yake mkubwa.

"Niandike. Natoka hapa Kenya, napita. Siku tatu."

Nyuma yake wakajipanga wengine, wote na mikeka. Watu mia moja na sita. Bwana Adalbert akaja mbio kuukataza mkutano. Germaine akamsogezea kitabu.

"Mukutano iko wapi, Baba? Hawa bote ni bapitaji. Soma."

Alisoma kurasa zote. Hakukuta kosa. Alivua kofia, akatafuta nafasi kwenye mkeka, akaketi nasi karibu na moto.

Asubuhi ya nne Germaine aliwaandika wote "ametoka", mmoja mmoja. Mstari mmoja aliuacha: ule wa mwisho wa mama yake mkubwa, alioujaza siku mbili kabla ya kufa. Nilimuuliza kwa nini.

"Nimesahau," akasema. "Kichwa yangu nayo haiko muzuri."

Zikitimia thelathini, Baba Pierre atabeba kitabu kile hadi biro, akamdaie dada yake nyumba. Nitasimama nyuma yake kwenye foleni, na mkubwa wa studio ajue mapema.

Baba Pierre, Germaine, ukoo wote wa Mitwaba, na ninyi jamaa arobaini na moja: poleni sana. Mungu ampokee, na asimuulize karatasi. Na wewe msikilizaji mwenye ufunguo mfukoni, ushike kidogo sasa hivi. Fikiria ni nani aliyesahau kukuandika "ametoka" ili uupate.

Wasikilizaji wapendwa, kitabuni Mama Hortense Mwape bado hajatoka. Usiku wa leo ni wa kumi na sita. Bado kumi na minne.