Muhidin na Ng'ombe wa Kiprugut, Siku London Iliposhuka

Baada ya miaka ishirini na sita ofisini petu, Mzee Muhidin anastaafu leo Jumamosi, tarehe 30 Novemba 1957. Alianza kwa kubeba barua. Kisha akapewa chaki na ubao wa bei za hisa, zile sehemu za makampuni ambazo mabwana wa mashamba hununua na kuuza kupitia wakala wetu hapa Nakuru. Koti alilonunua ni jeusi. Sisi hatujaliona ila jeupe kwa vumbi la chaki, na ukimwambia alipanguse anakasirika.

Mimi ndiye mchemsha chai, na ninayojua niliyapata akisubiri kikombe chake, sukari vijiko vinne. Masoko makubwa ya hisa, husema, hayaamki pamoja: Tokyo ikishafunga mlango ndipo London inafungua, na New York bado inakoroma. Kila soko lina kipimo chake. London huchukua makampuni makubwa thelathini, New York thelathini yake, bei zikachanganywa kuwa hesabu moja ya kuonyesha soko limepanda au limeshuka.

Septemba iliyopita kipimo cha London kilishuka vibaya. Mabwana walishika vichwa mbele ya ubao. Kiprugut, mpasua mbao wa kiwanda cha Elburgon, alipita akawasikia. Kesho yake Muhidin alimkuta sokoni akimuuzia mchinjaji ng'ombe wake wa pekee, kwa bei ya mbuzi.

“London imeanguka, mzee! Kiwanda chetu kitafungwa, nitakula nini?”

Muhidin alinyakua kamba. Mchinjaji akamtukana, yeye akamvuta Kiprugut na ng'ombe wake mpaka kwa akina mama wa mboga. Malori ya Molo yalikuwa yamemwaga viazi, bei iko chini. Kabeji chini. Akamuuliza Wawira wa vitunguu kama analia.

“Nilie kwa nini? Vyangu vimepanda! Na mtoe huyo ng'ombe, anakula mali yangu!”

“Umesikia?” Muhidin akasema. “Ukichanganya bei zote, soko limeshuka, na Wawira anacheka. Kiwanda chenu hakimo hata katika yale thelathini. Kama kitafungwa, mimi sijui. Lakini kikifungwa, si ndiyo siku utataka maziwa nyumbani?”

Kiprugut alimswaga ng'ombe wake akarudi Elburgon. Kiwanda bado kinapasua mbao, watoto wanakunywa maziwa.

Muhidin ana makosa yake. Anaimba vibaya, na ukimwambia anaongeza sauti. Lakini katika miaka hii yote hajamcheka mtu aliyeogopa.

Asante, mzee wetu. Nenda Njoro kwa binti yako Khadijo, ule, ulale, uzeeke kwa raha, Mungu akupe afya. Jumatatu mtu mwingine ataandika bei ubaoni. Wa kutuondolea hofu bado hatujampata.