Maisha ya Bi Pindo, Mke wa Baridi

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa muuza mkaa na mkewe, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alifuatiwa na mdogo wake mmoja wa kike, ambaye marehemu alimbeba sana mgongoni hata wapita njia wakamtania kuwa ndiye mama mtu, ilhali mwenyewe alikuwa bado hajang'oka meno ya utoto.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara na kumaliza mwaka 1988. Alifaulu kuendelea, lakini mwaka huo baba aliumia mgongo, na nafasi ikapita. Alipelekwa kwa shangazi yake kujifunza ushonaji. Hakuwahi kulalamikia jambo hilo mbele ya watu. Nyumbani alilalamika vya kutosha.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alishona sare za shule katika chumba chenye dirisha moja, cherehani ikitazama mlango ili amwone mteja kabla mteja hajamwona. Jina la Bi Pindo alipewa na wazazi wa wanafunzi, kwa sababu kila sketi na kila suruali aliikunjia pindo nene, la kushushwa mtoto akirefuka.

"Bi Pindo, unajiharibia biashara," mama mmoja alimwambia. "Sare moja miaka mitatu!"

Alimjibu pini zikiwa mdomoni: "Mwanao akikoma kukua, nami nitakoma kupinda."

Tarehe 14 Desemba 1996 aliolewa na fundi friji ambaye mtaa mzima unamwita Baridi. Walijaliwa binti mmoja, mwaka 2001. Nyumba yao ilikuwa na raha na makelele kama nyumba nyingine. Mwaka 2008 Baridi aliuza cherehani ya pili ya mkewe bila kumuuliza, na Bi Pindo akahamia kwa mdogo wake kwa miezi miwili. Kila Jumapili mume alibisha hodi, mkoba wa vifaa mkononi.

"Shemeji, nimekuja kuangalia friji."

Shemeji hakuwa na friji. Jumapili ya mwisho Bi Pindo alishindwa kujizuia, akacheka, akafunga mizigo, wakarudi kwao. Mambo haya yanatajwa hapa kwa ruhusa ya mumewe.

Mwaka 2012 Baridi alipata kazi nje ya nchi, ya kutunza mitambo katika ghala la nyama iliyogandishwa. Alikuja kila alipopewa likizo. Mwaka 2016, sheria za huko zilipomruhusu, aliomba mkewe na mtoto wamfuate. Mwaka uliofuata mume na mke walihojiwa na maafisa wa uhamiaji wa nchi hiyo, kila mmoja alikokuwa. Bi Pindo aliulizwa kama wamewahi kutengana.

"Hatujawahi. Mume wangu hana neno."

Alipotoka, mdogo wake alimuuliza kwa nini amejibu hivyo. "Nimwanike mume wangu mbele ya kijana ambaye hata kiti hajanikaribisha? Hatukulelewa hivyo."

Baridi aliulizwa swali hilohilo, akasema kweli yote, pamoja na habari za friji. Aliamini afisa angecheka. Jibu lililokuja lilisema kwamba maelezo ya wahusika yanapingana, na kwamba ndoa haikuthibitika kuwa ya kweli. Mtoto aliruhusiwa. Mama yake alikataliwa.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Angefikisha kumi na minane kabla ya kusafiri, mlango huo ungefungwa.

"Mama, bila wewe siendi."

"Utakwenda. Ukinisubiri tutabaki wote wawili, na baba yako naye atabaki peke yake."

Aliondoka Januari 2018. Bi Pindo alimsindikiza hadi uwanja wa ndege, akatoka hapo moja kwa moja hadi kazini. Ulikuwa msimu wa sare.

Mwaka 2019 waliomba upya. Safari hii alieleza kila kitu: cherehani iliyouzwa, miezi miwili kwa mdogo wake, hodi za Jumapili. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mara ya kwanza ulidanganya?"

"Nilimsitiri mume wangu."

"Ulidanganya, hukudanganya?"

Alisema ndiyo, alidanganya. Kwa jibu hilo alipigwa marufuku kuomba tena kwa miaka kumi.

Juni 2022 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ikiwa imekwisha kusambaa. Mionzi ilimtuliza maumivu kwa muda. Aliendelea kushona akikalia mto, hadi Februari mwaka huu wa 2023, miguu ilipokataa kusukuma cherehani. Baridi aliacha kazi, na pamoja na kazi akapoteza haki ya kuishi huko. Alifika tarehe 9 Aprili na kumkuta wodini, sauti ikiwa imebaki kidogo.

"Baridi. Wamekupa kibali gani?"

"Hawajanipa kitu. Nimekuja mwenyewe."

"Sogeza kiti, basi."

Hakuondoka kwenye kiti hicho ila alipofukuzwa na wauguzi. Bi Pindo alifariki tarehe 13 Aprili 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Ameacha mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayewasomea haya. Ameacha binti yake, anayetusikiliza kwa simu: kibali chake cha ukaazi bado kinashughulikiwa, na akitoka sasa hataruhusiwa kurudi.

Ameacha mume. Iliandikwa ofisini kwamba ndoa yao haikuthibitika. Ninyi mlioijua mmekuja kuithibitisha, na mtu wa kwanza kutia udongo leo atakuwa mume wa marehemu.

Mungu ampokee. Alale salama.