Bi Aziza na Sidii Iliyogoma Kusomeka

Miaka ishirini na saba ya utumishi inakamilika tarehe 30 Juni 2024. Siku hiyo Bi Aziza Mfaume, mpokezi wa Kituo cha Elimu ya Bahari Mwambani hapa kisiwani Mafia, anakabidhi funguo na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Kamati ya sherehe imeniteua mimi, Isdory, ofisa wa kompyuta, niandike wasifu wake. Nadhani walitaka nishike kalamu nisije nikagusa tena kitu chenye umeme.

Bi Aziza aliajiriwa mwaka 1997, hifadhi ya bahari ikiwa bado changa na wavuvi wakija kituoni na hasira zao kuhusu nyavu zilizokatazwa. Kituo kilikuwa na kompyuta moja, na mgeni mmoja alikuwa ametuachia sidii ya mchezo wa kuendesha bandari ya uvuvi. Ukivua kwa pupa, samaki wanakwisha na wanakijiji wanahama. Bi Aziza akawa anawaketisha wenye hasira mbele ya mchezo huo wakati wakimsubiri mkuu wa kituo. Mzee Ussi wa Juani alimaliza samaki wote chai yake ikiwa bado ya moto, akasimama na kusema, "Bahari yenu hii haina baraka!" Wiki iliyofuata alirudi, safari hii si kulalamika bali kulipiza kisasi. Wapo watu wazima wengi kisiwani ambao mara ya kwanza kushika kipanya walishikishwa na Bi Aziza, na baadhi yao leo wamo kwenye kamati za kulinda matumbawe.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, tulikuwa tumejiandaa kusikia friji au godoro. Akaomba mchezo ule uwekwe kwenye laptopu yake. Mumewe alifariki mwaka jana, watoto wako Dar es Salaam, na nyumba yake ya Kirongwe, alisema, imekuwa kimya mno. Hapo hakuna aliyecheka. Nikaahidi, kwa sauti nzito ya kitaalamu, kwamba hiyo ni kazi ndogo.

Sidii yenyewe ilikuwa shambani. Bi Aziza aliichukua kwa bahati mbaya pamoja na sidii chakavu, akazitundika zote kwenye mpunga kufukuzia ndege. Ndege waliiheshimu. Kompyuta haikuiheshimu hata kidogo: usakinishaji ulifika nusu, ukagoma, na ujumbe ukasema diski haisomeki. Nikaifuta kwa kuzungusha kitambaa juu yake, nikaongeza mikwaruzo. Nikapaka dawa ya meno. Ikagoma vilevile, ila sasa inanukia vizuri. Ndipo akaingia Cresensia wa uhasibu, mtu wa bara mwenzangu, ambaye miaka yake ya Mafia imemfundisha kuwa hakuna bawaba, nywele wala injini ya boti isiyotibika kwa mafuta ya nazi. Tukapaka. Mashine ya kusomea sidii, ambayo tuliazima kwa mwalimu Recho, ilizunguka kwa ulaini wa ajabu, ikayarusha mafuta yote ndani kwa ndani, na tangu siku hiyo haijasoma kitu. Bi Aziza alichungulia mlangoni akauliza, "Wanangu, hiyo mnaitengeneza au mnaipika?"

Mwalimu Recho, tunakuomba radhi hadharani.

Mwishowe tuliiosha kwa maji na sabuni, tukaikausha kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni, kama nilivyofundishwa chuoni nikasahau. Kisha tukaondoa birika juu ya ile kompyuta kuukuu ya kituo, ambayo tulikwisha kuigeuza meza ya chai, tukaiwasha. Ikasoma! Ilisoma polepole, ikikoroma, lakini ilisoma. Tukanakili faili mojamoja kwenye flashi, tukasakinisha kutoka humo. Bandari ikatokea na samaki wake. Bi Aziza alishika mdomo, akalia kidogo, na Cresensia akalia kumshinda.

Faili moja tu lilitushinda kabisa, nalo ni la sauti. Mchezo unachezeka, lakini ni bubu. Mama wa watu ametuomba kitu cha kumchangamshia nyumba, nasi tumemwongezea kimya chenye picha. Niliona aibu sana.

Kwa hiyo wafanyakazi tumekubaliana. Kuanzia Julai, kila Jumamosi, tutakwenda Kirongwe kwa zamu, tukae nyuma ya kiti chake na kupiga kelele wenyewe. Kwa kelele, ofisi hii haijawahi kushindwa.

Bi Aziza, asante kwa kutulea. Mungu akupe afya na mpunga wa kutosha. Usituage, mama, teleka chai tu, tunakuja.