Nani Amekizuia Kigari cha Lupe?

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya duka la dobi, pale Mtaa wa Rata unapoishia na njia ya miguu inapoanza kupanda mlima, lilikuwa linachemka kwa hasira. Upepo wa Wellington ulikuwa ukipeperusha mifuniko ya vikombe vya kahawa na hakuna aliyejali. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo: kuanzia leo, vigari vya umeme vya kusambaza vifurushi ni marufuku kwenye njia ile. Gari la kawaida halifiki kule juu, njia ni nyembamba na kona haziishi. Kwa miaka mitatu mizigo ilipandishwa na Lupe, kwa kigari chake cha magurudumu matatu chenye kengele ya baiskeli. Na huko juu anaishi Beryl, dada yake Gia, peke yake, akijisafisha damu nyumbani kila siku, maana figo zimeshindwa kazi, kwa maji ya dawa yanayoletwa kwa maboksi. Gia ni dereva mstaafu wa malori, na magoti yake yalistaafu kabla yake. Alikuwa amefura.

— Huu ni unyama! Unyama wa mchana kweupe! Beryl bila yale maboksi wiki hamalizi.

— Mimi nilijua tu, alidakia Ngaire, ambaye kijiweni anaitwa Redio kwa sababu hazimiki. Hao ni wauza mafuta. Kigari hakinywi petroli, kinawauma.

— Petroli gani, Redio? Ni wauza viatu!

Huyo ni Tavita. Alikuwa mtunza majengo wa shule, na hilo lilitosha kumpa jina la Profesa.

— Panda ile njia kwa miguu mwezi mmoja, soli kwisha. Unarudi dukani. Piga hesabu mwenyewe.

— Wewe nawe! Na betri je? Kigari kikipita chini ya nguzo kinanyonya umeme wa taa, wameshagundua. Ndiyo maana taa ya kibarazani kwangu inapepesa.

— Inapepesa kwa sababu hujabadilisha balbu tangu mumeo afe.

— Marehemu usimwingize, Profesa, nitakumwagia hii kahawa!

— Nyamazeni! alifoka Gia. Wanataka kuiuza njia. Tajiri ataweka behewa la kuvutwa kwa kamba mlimani, watalii wapande wakipiga picha, na dada yangu yuko dirishani anakata roho. Nimpate aliyepeleka malalamiko! Nimpate tu!

— Hana haya huyo, alisema Profesa.

— Hana hata mama, aliongeza Redio.

Gari la dizeli likasimama mbele yao. Dereva, mwanamke wa makamo ambaye hawakuwahi kumwona, akashusha maboksi sita ukingoni mwa barabara.

— Samahanini, wakubwa. Haya ni ya Bi Beryl, huko juu. Kigari hakuna, na mimi gari siruhusiwi kuliacha. Nikaongee na nani?

— Soma hapo! alisema Gia akionyesha nguzo. Kamati ya mtaa, wachawi wakubwa!

Dereva akaisogelea nguzo, akasoma mpaka maandishi madogo ya chini, ambayo benchi zima halikuyafikia.

— Kamati inasema ni ombi la wakazi. Saini arobaini na moja. Ya kwanza ni N. Paewai. Ndiye nani?

Redio akachungulia ndani ya kikombe chake. Profesa akaona jambo la maana sana upande wa pili wa barabara. Pale kijiweni karatasi ikipita inasainiwa, ndiyo adabu ya pale, na miwani siku zote imebaki nyumbani. Neville Paewai, maana hilo ndilo jina ambalo Gia alipewa na mama yake, aliikumbuka Jumamosi moja ya kuchoma soseji za kuchangisha pesa za mtaa, mkate mkono huu, kalamu ya mtu mkono ule. Alidhani ni ombi la kuwazuia mbwa wanaochafua njia. Akasaini wa kwanza, kwa mbwembwe.

— Jamani, nimeuliza tu. Ndiye nani?

Gia aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Aliinama, magoti yakalia, akalikumbatia boksi la kwanza na kuanza kupanda.