Mwalimu Joyline Nangila Obura, Aliyeongoza Kwaya kwa Mikono

Mwalimu Joyline Nangila Obura alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, mtoto wa tatu wa marehemu Naftaly Wekesa na marehemu Nasimiyu. Alisomea mjini hadi kidato cha nne, akahitimu ualimu mwaka wa 1979, akatumwa Subukia. Huko ndiko alikofundisha hadi alipostaafu mwaka wa 2018.

Kwaya ya kanisa aliianzisha na watu tisa. Mmoja wao alikuwa Jerry Obura, karani wa kiwanda cha kahawa, ambaye hakuweza kushika sauti yoyote. Baada ya majuma mawili Nangila alimwita kando. "Jerry, wewe utakuwa unabeba vitabu." Alivibeba miaka mitatu, na tarehe 18 Desemba 1982 wakafunga ndoa.

Kila Jumapili baada ya chakula walijaza fumbo la maneno la gazeti, wawili kwa kalamu moja. Vidokezo vya nyimbo na vya ndege waimbao vilikuwa vya Mama Nangila. Siku moja Mzee Jerry alijaribu kimoja: ndege mdogo anyonyaye maua, herufi tano. Akaandika "nyuki". Mama alicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Jibu la kidokezo lilikuwa chozi, jina la ndege huyo.

Mwaka wa 2022 mama alipatikana na saratani ya koo. Mei 2023 alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani bila sauti. Aliacha kwenda kanisani. Gazeti likiletwa, aliliweka chini ya mto wa kiti bila kulifungua. Miezi minne ikapita hivyo. Ndipo Jumapili moja mzee akalitoa, akasoma: "Sehemu ya wimbo inayorudiwa na wote. Herufi nane." Akangoja. "Basi mimi naweka korasi."

Mama alimnyang'anya kalamu, akaandika KIITIKIO. Pembeni akaongeza: "Nipeleke mazoezi Jumamosi."

Alipelekwa. Kuanzia hapo aliongoza kwaya kwa mikono tu, hadi Krismasi iliyopita.

Ugonjwa ulirudi Januari. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Februari 2026. Mzee aliosha kikombe cha uji, akawapa kuku chakula, kisha akampigia simu binti yao, Achola.

"Mama yenu ameenda."

"Baba, uko sawa?"

"Sijui. Nimelisha kuku."

Tangu siku hiyo anapokea wageni na kuuliza kama wamepata chai. Hajalia. Tunaomba mtu yeyote asimharakishe.

Ameacha mume, Jerry Obura, watoto wawili, Achola na Micah, wajukuu watano, kaka yake, Hiram Wekesa, na kwaya ya watu arobaini na mmoja. Leo wataimba bila mtu wa kuwaongoza. Mzee ameomba asisimame yeyote mahali pa mama.

Mwalimu Nangila, Mungu akupumzishe kwa amani.