Chuma Mgongoni mwa Mama Yenu

Sikilizeni wanangu, na wewe Mkubwa sogeza kiti, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema neno moja mara mbili.

Habari ya mali ni fupi. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na kiwanja cha nyuma nimekigawa kwa vigingi nilivyovipigilia kwa mkono wangu, mimi niliyewalea kwa kazi ya kupima ardhi. Atakayeng'oa kigingi agombane na udongo, asigombane na nduguye. Chumba cha uani sikukigawa, na hicho ndicho nilichowaitia.

Mnakumbuka tulivyomcheka mama yenu kwa sababu ya hereni. Akivaa za bei nafuu masikio yalivimba na kutoa maji, na kifungo cha suruali kilimwachia baka chini ya kitovu. Mwenyewe alifanya mzaha, "Ngozi yangu ina cheo, haishiki bati," nasi tukamwita Bibi Dhahabu, na jina likawa tamu mpaka tukasahau kwamba lilianza kama ugonjwa. Hivyo muuguzi alipomuuliza, kabla ya upasuaji wake wa mgongo, kama kuna dawa au chakula kinachomdhuru, alijibu hapana, wala hakudanganya. Nani kati yetu angedhani hereni ni habari ya kupeleka hospitali?

Wakamfunga fito za chuma na skrubu kushikilia pingili za mgongo, na kazi ilikuwa safi, picha zilionyesha hivyo. Lakini kidonda kilikataa kukauka, mwasho ukamtambaa mpaka mabegani, na kila walipotafuta vijidudu hawakuviona. Alilala kifudifudi huku akisugua vidole vyake kwenye godoro ili asijikune. Sijawahi kuona mtu akipigana na mikono yake mwenyewe namna ile.

Hapo ndipo tulipomtafuta mchawi wetu, ingawa hatukumwita kwa jina hilo. Shangazi yenu, dada yangu, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumchua kwa mafuta, na wewe Mkubwa ulisimama palepale mlangoni ukamwambia, "Shangazi, unamchua mama au unamkaanga?" Akakujibu, "Mwanangu, mafuta haya nampaka miguuni. Mgongo sijaugusa." Ukamtupia methali, kikulacho ki nguoni mwako, na chupa yake ukaivunja uani, naye akaondoka chumba cha uani alimokuwa akikaa, na ndoo moja ya nguo. Mama yenu alikuwa akiita kutoka kitandani, "Mwacheni wifi yangu," lakini mgonjwa akitetea mtu, watu husema amezugwa.

Kilichomla hakikuwa nguoni. Daktari wa ngozi alimbandika viraka vya vipimo, na kiraka cha nikeli kikachoma kama kaa la moto. Akatueleza sote tukiwa tumekaa kwamba nikeli, ileile ya hereni za bei nafuu, ilikuwamo katika vyuma vile, na kwamba mwili wake ulikuwa ukivikataa. Vikatolewa mfupa ulipokwisha kushikana. Mwasho ukatulia, akalala chali, akacheka. Kisha damu ikaganda mguuni, ikapanda mpaka kwenye pafu, nasi tukamzika. Sisemi chuma kilimuua, kwa kuwa sijui, na nisichokijua siwarithishi. Ninachokijua ni kwamba mafuta hayakumuua, na wewe Mkubwa umekijua tangu siku ile, lakini njia ya kwa shangazi yako imeota majani.

Kitinda, mwanangu, ngozi yako ni ya mama yako. Nimeuona mkono wako pale saa inapokaa. Ukiingia hospitali yoyote, hata kwa jino, useme kabla hujaulizwa. Usingoje swali, maana swali linaweza kuja limekosewa.

Nipeni maji. Tone tu, liloweshe ulimi.

Sasa wosia wenyewe. Chumba cha uani ni cha dada yangu mpaka pumzi yake ya mwisho, na asiingie kwa mlango wa nyuma kama mtu anayehurumiwa, aingie kwa mlango wa mbele. Yeye ndiye atakayekaa upande wa kichwa changu nikikata roho. Mkubwa, utamfuata wewe. Usimpigie simu, matusi ulimpa uso kwa uso, na msamaha utauomba hivyohivyo. Najua ni vigumu. Ulikuwa unampenda mama yako, na uchungu hutafuta mtu wa kumshika shati. Lakini ukiniahidi kwamba utakwenda nikishazikwa, utakuwa umeniahidi hewa, kwa sababu mimi sitakuwapo kuona, na yeye atadhani ulingoja nife.

Mungu awaweke pamoja... awape watoto watakaowasikiliza mkiwa wagonjwa... na ulimi wenu auwekee... auwekee...

Kitinda, shusha mto. Hivyo.

Mkubwa, mbona bado nauona mguu wako hapa? Nenda, baba. Nenda nikiwa bado nasikia mlango.