Maisha ya Mwalimu Uwacu Béatrice, Aliyefundishia Katogota

Marehemu Uwacu Béatrice alizaliwa Bijombo, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, tarehe 9 Mei 1979, binti wa Pasta Gikundiro na Mama Uwimana Pudentienne. Alikulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake.

Alipata diplome d'État ya kumaliza sekondari mwaka 1998, kisha licence, yaani shahada, ya kilimo huko Bukavu mwaka 2004. Mwaka 2006 alifunga ndoa na Bwana Gatete, wakajenga nyumba Kilibula, Uvira.

Tangu 2009 alifundisha chuo kikuu hapa mjini. Darasani aliona wanafunzi wa milimani wanakaa upande huu, wa mjini na wa bondeni upande ule. Huko Katogota, kijiji cha bondeni, wazazi wao walikuwa wakiumizana kwa sababu ya ng'ombe kuingia mashambani. Mwaka 2021 akaamua mazoezi ya mwaka wa mwisho yafanyike huko huko, wawili wawili, mmoja kutoka kila upande.

Sumaili, kijana wa bondeni aliyepangwa na Rukundo wa milimani, alikataa kupanda naye pikipiki. “Madame, minye siwezi panda moto moja na Rukundo.”

“Weye unataka points?” akamwuliza. “Basi panda. Mukianguka, muanguke wote.”

Hawakuanguka. Kwa miezi mingi vijana hao walizunguka kati ya wakulima na wafugaji hadi wakapatana: mavuno yakiisha, ng'ombe wale mabua ya mpunga, na samadi ibaki shambani. Mapatano yakashika. Lakini yeye alitukanwa pande zote mbili. Kwao milimani aliitwa msaliti, bondeni aliitwa mgeni. Bwana Gatete alimwomba aache, awafikirie watoto. Asubuhi akaenda Katogota.

Mwaka 2024 baraza la kitivo lilisimamisha mazoezi hayo. Aliambiwa chuo kinatoa diplome, hakitoi amani.

“Basi diplome iko ya kufanya nini?” aliuliza. Aliendelea bila chuo.

Machi 2025 figo zilianza kushindwa, akawa anavuka mpaka wa Burundi kwenda Bujumbura kusafishwa damu. Desemba vita vikafika bondeni, mpaka ukafungwa. Alivimba miguu, kisha uso.

Rukundo alipokuja kumwona, mwalimu alimwuliza, “Mabua, ng'ombe walikula ao wakulima walichoma?”

Bwana Gatete alimkonyeza kijana adanganye. Rukundo hakuweza. “Walichoma, madame. Na watu wa ng'ombe walikimbia.”

Akageukia ukutani. Baadaye akasema, “Mutaanza tena,” na hatukujua kama alikuwa anaagiza au anauliza. Alifariki nyumbani Kilibula tarehe 28 Desemba 2025.

Ameacha mama yake, mume wake, watoto watatu, Naomie, Dorine na Frédéric, pamoja na wanafunzi wengi. Rukundo yuko hapa, kati ya wabeba jeneza. Sumaili yuko kambi ya wakimbizi huko Burundi. Ametuma neno moja tu, kwamba Rukundo amshikie nafasi yake penye jeneza.

Mungu ampe Béatrice pumziko ambalo hakujipa.